Filamu Fupi za Asia na Mdomo Wangu Mrefu

Ninyi mnaotafsiri filamu siku hizi kwa simu, mmejifungia chumbani na vitu vya masikioni, sogeeni karibu. Sauti yangu imekwisha, na daktari amenikataza kuipaza. Naitwa Mama Sifa. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nimezeekea hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na kwa miaka mingi nilikuwa mdomo wa sinema. Picha zilitembea ukutani, maneno yalikuwa yangu.

Nikisema yangu, eleweni hivyo hivyo. Kichina sikukijua, Kikorea sikukijua, na Kiingereza nilijua salamu na majina ya siku. Lakini mwulizeni mtu yeyote aliyekaa kwenye mabenchi yetu kama aliwahi kutoka bila kuelewa hadithi. Alielewa. Kama ndiyo hadithi yenyewe, hilo ni jambo jingine, na ndilo nililokuitieni.

Kazini niliingia kwa sindano. Papa Gaspari, Mkongo wa Fizi mwenye ukumbi, aliniita nimshonee giza. Ndiyo, giza. Tulionyesha mchana, kwa sababu umeme wetu ulitoka kwa jua, na jua hilo hilo liliingia kwa kila tundu likafuta picha. Nikachukua blanketi za kijivu, nikaziunga na plastiki nyeusi, nikashona mapazia mawili, la nje na la ndani, na katikati hatua mbili, ili anayeingia aachie la kwanza kabla hajafunua la pili. Shikeni hilo. Naona vijana wananunua projekta kubwa, wanaiwasha katika chumba cheupe kama maziwa, halafu wanailaumu taa. Giza kwanza.

Siku ya kujaribu mapazia yangu, mfasiri hakutokea. Alikuwa amepata kibarua cha tumbaku huko Madisi. Watu wamejaa, Wachina wameshaanza kupigana, na hakuna anayesema. Papa Gaspari akanigeukia.

"Mama Sifa, toa ile sindano mu mdomo, sema kitu."

"Niseme nini? Mi sisikie Kichina."

"Nani anakisikia?"

Nikasema. Bwana mwenye upanga nikamwita Musafiri, adui yake nikamwita Komanda, na ugomvi wao nikaufanya wa shamba la mihogo. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Kuanzia siku hiyo cherehani ilikaa nyumbani.

Papa Gaspari alinifundisha mengi. Alinifundisha kuvisha mikro, yaani kipaza sauti, soksi safi ili pumzi isigonge spika, na kunywa maji ya tangawizi ya uvuguvugu badala ya soda baridi. Sauti ya mzee haitoki kooni, inatoka chini ya kitovu. Sauti ya mtoto unaitoa ukitabasamu, hata kama mtoto analia. Na alinipa sheria moja kuliko zote: "Mufasiri hanyamazake. Ukinyamaza, bantu banaanza kusikia njaa, na mutu wa njaa anaenda ku nyumba." Niliishika kama Amri ya Mungu.

Makosa? Tele. Siku moja niliweka diski ya pili kabla ya ya kwanza. Musafiri akafa, tukamzika, wamama wakafuta machozi, halafu nikaweka ile nyingine, akaibuka anachota maji kisimani. Badala ya kukiri, nikatangaza amefufuka. Mama mmoja wa kwaya akasimama akaimba, na nusu ya ukumbi ikamwitikia. Mwone wenyewe jinsi uongo ulivyonizoea. Kila nilipokosea, watu walifurahi zaidi.

Papa Gaspari alipata bahati ya kwenda nje, akapanda ndege na familia yake, akaniachia ukumbi, projekta na mabenchi. Mwaka uliofuata ndipo alipoingia Madamu Chisomo.

Huyu ni Mmalawi, mwalimu wa sekondari, anakaa Area 25 kule Lilongwe. Alikuja kambini na watu wa kanisa lake, na wenzake walipokwenda kula, yeye akapenya mapazia yangu akakaa nyuma mpaka mwisho. Mimi na yeye tumezungumza Kichewa siku zote. Changu ni cha sokoni, lakini kinafika. Akaniuliza, "Mama, Kichina hukijui, sivyo?"

"Sikijui," nikasema. Nilijua nimekamatwa.

Hakunikaripia. Alisema aliwahi kusoma miaka miwili huko Asia, na kwenye bweni aliishi na wanafunzi wa filamu kutoka kila upande: Nepali, Irani, Korea, Ufilipino, Jordani, Kazakistani. Walimpa filamu zao fupi, na ruhusa ya kuzionyesha popote anapotaka. Akatoa flashi kwenye mkoba. "Humu zimo kumi na moja. Shuleni kwangu watoto wamezipenda. Nataka kujua huku watasemaje."

Mimi Asia niliyoijua ilikuwa moja: mahali ambapo kila mtu anaruka juu ya paa na kupiga teke. Nikaiweka flashi, nikajifungia peke yangu. Ya kwanza, bibi wa Korea anaosha kabichi, anazipaka pilipili, anazishindilia kwenye mtungi, simu inalia, hapokei. Basi, majina yakapanda. Ya pili, mvulana wa Ufilipino anamkata nywele babu yake. Mwisho. Nikafikiri flashi imeharibika. Niliibeba mpaka kwa fundi simu, nikamwambia anitafutie vipande vilivyobaki. Akahangaika nayo, kisha akanirudishia. "Mama, hakuna kingine. Iko mzima." Nikampigia Madamu Chisomo kumwuliza filamu ziko wapi zaidi, akacheka sana. "Hapo ndipo zinapoishia, mama. Ni fupi."

Nikasema sawa. Zikiwa fupi, mdomo wangu ni mrefu.

Ile niliyochagua kuonyesha Jumamosi ilitoka Nepali, nchi ya milima. Ina dakika kumi na mbili. Mwanamume mtu mzima anang'oa mlango wa nyumba iliyobomolewa na maporomoko, anaufunga mgongoni kwa kamba, anashuka nao mlimani, na binti yake anamfuata. Wanapita daraja la kamba, upepo unaupiga ule mlango, nusura umtupe mtoni. Watu wa njiani wanamtazama. Wanaongea mara tatu tu, maneno machache. Zaidi ya hapo ni pumzi yake na mawe chini ya viatu.

Dakika kumi na mbili za kimya! Nikakumbuka sheria ya Papa Gaspari, nikajaza. Nikasema huyu bwana ni mwizi, ameiba mlango wa wakwe zake kwa sababu walikataa kumrudishia mali ya ndoa. Pale darajani nikamfanya aombe: "Mungu wangu, nisaidie nivuke, na mlango nitakugawia nusu!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nilikuwa hodari siku hiyo, siwezi kuficha.

Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa Mzee Salvatori, Mrundi, fundi viatu aliyekuwa na kibanda chake karibu na ukumbi. Hakukosa Jumamosi hata moja. Katikati ya kile kicheko nilimwona anasimama na kwenda zake. Aliacha mapazia yote mawili wazi, jua likaingia, picha ikafa ukutani, na watu wakamzomea. Nilidhani anaumwa.

Jumatatu nilimpelekea kandambili zangu azishone, nipate kumwuliza hali. Hakuzipokea.

"Mama Sifa, we ni mutu mukubwa. Juu ya nini umenitukana mbele ya batoto?"

"Nimekutukana mimi, mzee? Lini?"

Akaendelea kutoboa soli. Kisha akasema bila kuinua macho: walipokimbia Burundi, yeye akiwa kijana, baba yake aling'oa mlango wa nyumba akaubeba mgongoni. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, kazi ya mikono yake mwenyewe. Barabara nzima watu waliobeba vyungu na magodoro walimcheka. Walimwita kichaa, walimwuliza kama anakwenda kumfungia Mungu mbinguni. "Nami nilimuonea haya baba yangu. Nilitembea nyuma, mbali, bantu basijue ni wa kwetu. Jumamosi nimemuona tena. Na we ukasema ameiba."

Nilijitetea, kama mjinga. "Mzee, ile filme haina maneno. Ilibidi niweke."

"Kama haina maneno," akasema, "nani alikuambia inayaomba?"

Nilirudi nyumbani na kandambili zangu zilizokatika. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikijua kwamba nawachekesha watu. Kwamba katika wale watu kuna mtu ninayemcheka, hilo halikuwahi kunijia.

Nikatafuta karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Area 25. Madamu Chisomo alinikaribisha kwa nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga, akaweka kompyuta yake mezani, na siku mbili tukafanya kazi. Zile filamu zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Yeye aliyasoma, akanieleza kwa Kichewa, mimi nikaandika Kiswahili kwenye daftari. Zile mbili za Kiarabu, ambazo hazikuwa nayo, nilikuja kusaidiwa na mama mmoja Msomali anayeuza vitenge kambini. Hapo ndipo nilipojifunza utaratibu ambao mpaka leo nauapia: tazama mara ya kwanza bila sauti, ujue miili inasema nini. Mara ya pili fumba macho, usikie nani anamkata nani kauli. Mara ya tatu ndipo ushike kalamu. Anayeanza na kalamu huandika maneno na kukosa watu.

Tulipofika kwenye ile ya Nepali, nilimwomba asome polepole. Binti anamwuliza baba yake kwa nini hawakuchukua kitu kingine. Na baba anasema: "Ukuta nitaupata kokote. Mlango huu mama yako aliuingia siku ya harusi."

Madamu Chisomo akaniona nimeshika kichwa. Ikabidi nimweleze nilichokifanya: wakwe, wizi, yale maombi ya darajani. Alitaka kucheka, nikaona, akajizuia.

"Utafanyaje?" akauliza.

"Nitaionyesha tena."

Ilikuwa rahisi kusema. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya ukumbi, nikawasha mikro, nikawaambia ukweli. "Ile filme ya mlango, nimewadanganya. Si hiyo tu. Nimewadanganya tangu siku ya kwanza." Nilitegemea watasema ah, mama, haina shida. Wapi! Kijana mmoja akapiga kelele, "Kwa hiyo Musafiri hakufufuka?" Wengine wakacheka, wengine wakakasirika kwelikweli. "Turudishie vita yetu!" Niliwawekea bibi wa Korea na kabichi zake, nikasema yale tu aliyoyasema. Kufika katikati, nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Ukumbi wa jirani ulikuwa na spika kubwa na filamu za bunduki, na uliwameza wote.

Majuma matatu yalipita hivyo. Watu kumi na wawili, watu tisa, siku ya mvua watu wanne, wawili wao wamejikinga tu. Shoga yangu wa kanisani aliniambia, "Rudia uongo, Mama Sifa, Mungu anakujua." Nilitamani. Lakini tayari nilikuwa nimeshaanza kuzipenda zile filamu, na ukishapenda kitu huwezi tena kukitania hovyo. Nikaweka mpango: vita moja, kisha fupi mbili, kisha vita nyingine. Kwenye vita nilichekesha, na nilisema wazi kwamba hapa nachekesha. Kwenye fupi nilifuata daftari. Polepole wakaanza kurudi, na siku moja kijana yule yule wa Musafiri akauliza, "Mama, yule nyanya wa kabichi, simu, nani alikuwa anampigia?" Nikamwambia sijui, filamu haikusema. Benchi zima likaanza kubishana. Mwingine anasema ni mtoto wake aliyeko nje, mwingine anasema ni mwenye nyumba. Hapo nikajua kazi imepona.

Sasa nikamfuata Mzee Salvatori. Alikataa kabla sijamaliza salamu.

"Sitaki kuona baba yangu anachekwa mara ya pili."

"Hatachekwa. Nitasema mara tatu tu, pale wao wanaposema."

"We? Mara tatu?" Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Hapo nitakuja, nione huo muujiza."

Alikuja, akasimama kando ya pazia, tayari kuondoka. Nikawasha. Vijana, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mikro mkononi, mdomo umefungwa. Nilisikia feni ya projekta. Nilisikia bati likilia kwa joto. Nilisikia mtoto ananyonya. Pale darajani nilijua wanakumbuka kichekesho changu, nikakikaza kikombe cha tangawizi kwa mkono wa pili. Hakuna aliyecheka. Nikasema sentensi zangu, ya mwisho kwa sauti ya chini ya kitovu, na filamu ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi pia. Nikaogopa, nikaanza kutafuta filamu ya vita haraka haraka. Ndipo mama mmoja wa Fizi akasema gizani, "Mi nilibeba sufuria ya maharagwe. Ilikuwa ingali juu ya moto. Nilitembea nayo mpaka ikapoa." Mwingine akasema yeye alibeba kichwa cha cherehani, mguu wake ukabaki. Mwanamume mmoja alibeba kuku, kuku akataga njiani. Mwingine alibeba ripoti ya shule ya mtoto, akasahau viatu vya mtoto. Tulicheka, jamani, tulicheka sana, lakini kicheko kingine. Vita ya mwisho haikuonyeshwa siku ile, wala hakuna aliyeidai. Mzee Salvatori alikuwa amekaa. Sikumwona alipokaa.

Baada ya hapo nilikuwa na kazi mbili. Madamu Chisomo alinialika Area 25, kwenye ukumbi wa kanisa lake, nitafsiri kwa Kichewa mbele ya Wamalawi. Nilikwenda kifua mbele, na nikaanguka kwa silabi moja. Filamu ya Kazakistani: bibi anauza ng'ombe wake wa mwisho, anarudi nyumbani analia. Kwa Kichewa kuuza ni kugulitsa na kununua ni kugula. Nikasema amenunua. Ukumbi mzima ukamshangaa ajuza aliyepata ng'ombe na kuangua kilio. Mzee mmoja akaniuliza kwa heshima, "Mayi, ng'ombe ana ugonjwa?" Nikasimamisha picha, nikaomba msamaha, nikarudisha nyuma. Siku hizi sioni aibu kurudisha nyuma. Kitufe hicho kiliwekwa kwa ajili yetu.

Madamu Chisomo alimwandikia yule mwenzake wa Nepali habari za ule mchana wetu. Akajibu kwamba angependa kusikia sauti ya Mzee Salvatori. Basi mzee akaongea kwenye simu yangu kwa Kirundi, dakika mbili hivi, kuhusu baba yake na barabara. Akanieleza mwenyewe kwa Kiswahili, mimi nikampa Madamu kwa Kichewa, yeye akaandika Kiingereza, na huko milimani kikawa lugha yao.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Kumbe yule mtu wa kwenye filamu hakuwa mwigizaji. Alikuwa baba wa mtengenezaji, na mlango ulikuwa wao kweli. Ameketishwa, amesikilizishwa sauti ya Kirundi asiyoielewa, kisha akaelezwa. Naye ana swali kwa ndugu yake wa Afrika: ule mlango wa baba yako, uko wapi sasa?

Nilimkuta Mzee Salvatori kibandani, kiatu cha mtu mapajani. Nikamsomea. Akakiweka kiatu chini, akajifuta gundi vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie baba aliishia njiani, mbele ya kufika mpakani. Hakukuwa na machela. Tulimulalisha juu ya mlango wake, mi nikashika mbele, tukamubeba siku mbili. Tukamuzika nao."

Nilidhani amemaliza. Akaokota sindano yake, akaitazama.

"Mwambie na hii. Ile siku mbili, hakuna mutu alicheka."

Nikasogea kando, nikampigia Madamu Chisomo. Nikamwomba achukue kalamu.